Zamu ya Mkandaji

Siku tuliyompeleka Mtokotani, ndani ya gari walikuwemo watu hawa, na nawataja mapema ili kesho asitokee mtu akadai alikuwepo na hakuwepo. Usukani alishika Juma Chirima, mjukuu wa yule Chirima wa lori la chokaa aliyekuwa akitubeba zamani. Pembeni yake alikaa Zuhura, binti wa marehemu dada yangu Rehema, anayekaa Ganjoni kwenye nyumba za ghorofa. Gari alilikodi yeye. Nyuma nilikuwa mimi na Mwanaisha, wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Huyu hakualikwa, lakini hakuna safari aliyoiacha tangu nimjue. Baina yangu na Mwanaisha tulimbana yeye mwenyewe, asianguke, maana upande wake wa kushoto ulikuwa umeshakufa. Na huko tulikokwenda walikuwepo Mama Kadzo, mwenyeji wetu wa miaka yote, na mwanawe Kahindi, askari wa langoni.

Hao ndio, na majina yao nimeyaandika. Lake yeye siliandiki. Nitamwita Mkandaji, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya, na mjini kila mtu alimwita hivyo hata akiwa amekwenda kununua chumvi. Si kwamba nimelisahau. Mimi jina silisahau. Paka wa Kibokoni nawajua kwa majina ya waliowafuga. Lakini jina lake limeshaandikwa mahali, kwa herufi za shaba, juu ya mlango wa chumba ambacho mwenyewe haruhusiwi kuingia, na watu wasiomjua wanalisoma wakiwa na taulo mabegani. Limetumika vya kutosha. Kwangu hawalipati.

Chumba chake kiko Mkanyageni, chini, mlango wa pili ukitoka kisimani. Kitanda cha kamba, mkeka, sufuria ya uto wa simsim, mafuta yake ya kukandia, juu ya jiko la makaa, na harufu ya tangawizi iliyokolea mpaka kwenye kuta. Viganja vyake vilikuwa vipana kama mkate wa mofa, na vidole vifupi. Ukimpa mkono wa salamu ulihisi umeshikwa na mlango. Nusu ya wanawake wa Mji wa Kale wamelala kwenye mkeka ule baada ya kuzaa, na nusu iliyobaki ni uongo wanaposema hawakulala.

Hakuwa mpole. Watu sasa wanamsema kama alikuwa mama wa huruma, na kule kwenye ukuta wao wameandika hivyo hivyo, mikono ya huruma. Huruma ipi? Ukianza kumweleza pa kuuma alikukatiza: "Usiniambie. Ungekuwa wajua kinachokuuma ungekaa kwako ujikande." Mwanaisha alipigwa na nyonga mwaka aliomzaa Athmani, akakandwa, akapiga ukelele mpaka Bi Saada wa ng'ambo ya kichochoro akaja mbio na mwiko mkononi akidhani ni mwizi. Mkandaji hakuinua hata kichwa. "Rudi kwako, Saada. Ni Mwanaisha yuwaimba. Na weye Mwanaisha, ukiimba tena nakukanda ulimi."

Na alikuwa na mambo yasiyopatana. Aliwakataza watu sukari kwa matusi, kisha chini ya mto wake ungeikuta halua imefungwa kwenye karatasi, na ole wako uitaje. Alimweka mtu kwenye maji ya moto ya kumtoa ngozi, lakini chai yake mwenyewe aliipuliza mpaka ikapoa kama maji ya kisima ndipo akainywa. Tena mtu huyu wa maji aliogopa maji. Feri ya Likoni aliipanda akiwa amefumba mato, ameshika mkono wa yeyote aliyekuwa karibu. Siku moja alimshika kuli mmoja wa Marikiti, hamjui, mwanamume wa watu ana gunia la vitunguu kichwani, akamng'ang'ania mpaka ng'ambo. Walipofika akamwachia na kumwambia, "Bega lako la kulia limekaa vibaya. Njoo Mkanyageni." Akaja kweli. Aliitwa Mutua, mtu wa bara, na mpaka alipostaafu alikuwa akimletea vitunguu.

Sasa nieleze Mtokotani, maana hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Ni huko bara, nyuma ya Kaloleni, mteremko wa mawe na mikwaju. Chini ya jiwe moja kubwa yanatoka maji ya moto, yananuka yai viza, ukitia mkono lazima uutoe. Yakishuka yanapoa kidogo kidogo, na njiani pana vidimbwi vilivyochimbwa na mabibi wa kina Mama Kadzo, wenyewe wa pale. Maji yale ya viungo, ya mgongo, ya ngozi, ya mzazi aliyetoka arobaini na mwili haujarudi. Chirima mkubwa alikuwa akipeleka lori tupu huko kuchukua chokaa, naye alituruhusu kupanda nyuma. Tulikaa juu ya magunia na vifurushi vya mahamri na mbaazi. Tukipita Kibarani, siku zile jaa linafuka moshi mchana kutwa, tulijifunika pua kwa buibui. Na tukifika Mtokotani harufu ya maji ikitupokea, Chirima alisema kila safari, kila safari bila kuchoka, "Tumeikimbia Kibarani, kumbe imetutangulia!" Na sisi tulicheka kila safari. Tulikuwa wajinga na tuna furaha.

Mkandaji ndiye aliyetuwekea kanuni. Ya kwanza, huingii bila hodi. Tulisimama juu ya njia, yeye akapiga hodi kwa sauti, na mama yake Mama Kadzo, Mungu amrehemu, au Mama Kadzo mwenyewe alipokuwa kigori, akaitika, "Karibuni." Wasipokuwepo tulingoja juani. Wako waliolalamika kwamba maji ni ya Mungu. Mkandaji aliwaambia, "Ni ya Mungu, na Mungu amewapa hawa. Sisi wageni."

Ya pili, kukaa kwa daraja. Mwenye afya au mwenye kitoto hukaa juu, kidimbwi cha kwanza kinachovumilika. Mwenye kuumwa hukaa chini yake. Mwenye vidonda hukaa mwisho kabisa, na chini ya huyo hakai mtu. Maji hayakufiki yakiwa yameshapita kwenye maradhi ya mwenzio. Kwa hili hakuwa na mzaha. Dada yangu Rehema, mimba ya huyu huyu Zuhura, alichoka kusubiri nafasi akateremka kwenye kidimbwi cha mwisho, chini ya mwanamke mmoja wa Kuze mwenye upele. Mkandaji alimfuata akamvuta kwa leso mbele ya watu wote. Rehema alilia. "Lia," akamwambia. "Lia ukiwa mkavu."

Na ya tatu ilikuwa yake peke yake. Yeye hakuoga. Miaka yote hiyo sikumwona amekaa ndani ya maji yale. Alifunga leso kifuani, akasimama maji ya kifundo cha mguu, akawa anakwenda juu na chini, huyu anamnyosha shingo, huyu anamvuta kidole cha mguu, huyu anamtukana. Tulimwambia, "Nawe ingia, Mkandaji, una mgongo kama sisi." Alijibu, "Nikikaa mimi nani atasimama? Zamu yangu ya mwisho." Na akimaliza na wa mwisho, tayari Chirima anapiga honi barabarani na jua limeinama. Basi hukusanya leso zilizolowa, akapanda lori, akakaa juu ya gunia na mgongo mkavu. Zamu yake haikufika. Nakariri: miaka yote, haikufika.

Siku hizi pale pana ukuta, na ndani ya ukuta pana risoti, na kwenye mapokezi pameandikwa historia. Nimeisoma. Mimi skuli sikuimaliza, lakini kusoma uongo hakutaki skuli nyingi. Wameandika kwamba maji yaligunduliwa na mzungu mwenye shamba la katani aliyekuwa akiumwa magoti. Yaligunduliwa! Aliyempeleka pale ni mpishi wake, na mpishi alikuwa babu yake Mama Kadzo, akamwonea huruma kwa jinsi alivyokuwa akipanda ngazi. Mzungu akajenga birika la saruji na kibanda cha mabati, akaweka mlango, akawaleta wenziwe waliovimba miguu. Alipokwenda zake mabati yaliibwa, mbuzi wakalala ndani, na sisi tukaendelea kuoga kwenye vidimbwi kama kwamba hakupita mtu. Baina ya mzungu na hoteli, ukutani hapana kitu. Wameandika mahali palikuwa pametelekezwa. Mimi na Rehema na Mwanaisha na Bi Saada na Fatuma Mbarak na Mwanakombo mwenye miguu ya matende tulikuwa ndani ya maji, na wao wanasema palitelekezwa.

Lakini wenye hoteli hawakuja kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Ardhi walikuwa wameshauziwa na wajomba zake Mama Kadzo, ambaye hakuulizwa. Wakaambiwa kama mnataka kuyajua maji haya, muulizeni Mkandaji wa Mji wa Kale. Wakaja Mkanyageni, vijana waungwana, wamevua viatu mlangoni. Mkandaji aliwapikia biriani. Alituita mimi na Mwanaisha tukachambua mchele na kukaanga vitunguu tangu asubuhi. Wakala sinia moja naye, kwa mkono, wakalamba vidole, wakasema hawajapata kula chakula kama hicho. Kisha wakasema wanataka awafundishe wasichana wao kukanda, na Alhamisi itakuwa siku ya wanawake wa mjini na wa kijijini, kama zamani, maisha.

Walipotoka nilimwambia, "Waandikishe."

Akanitazama kama niliyetema mate ndani ya sufuria. "Nimwandikishe mtu aliyekula sinia moja nami? Salma, wataka nimtukane?"

Mtu wa kwetu atamwelewa. Kwetu mtu akishakula chakula chako, akanawa, akashukuru, neno limefungwa. Kumtolea karatasi baada ya hapo ni kumwambia tumbo lako silo tumbo la muungwana. Yeye alidhani amefunga mkataba. Kwao ilikuwa chakula cha mchana.

Akaenda kufundisha. Walimpiga picha ameinua viganja. Walimvisha nguo nyeupe iliyombana mabega. Wasichana aliwafundisha vizuri, nasikia, na aliwatukana vizuri. Alhamisi za kwanza tulikwenda na tukapokewa. Kisha tukaambiwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi tu. Kisha tukaambiwa tupige simu kwanza. Kisha simu ikawa haipokewi, na mwanamke mmoja wa Kibokoni aliyejikokota mpaka langoni na goti lake akarudishwa. Mkandaji mwenyewe walimwambia apumzike, ameshachoka, wasichana wanatosha. Wakaweka jina lake juu ya chumba cha kukandia.

Nilikwenda kwake nikiwa natokota kuliko hayo maji. "Umewafungulia mlango, wameufunga, nawe uko nje."

"Maji hayana mlango, Salma."

"Yana askari."

Nikatoka, na kwa muda mrefu nikawa napita kichochoro cha pili nikienda Marikiti ili nisimwone barazani. Watu walitupatanisha, Bi Saada hasa. Nilirudi, nikanywa kahawa yake, lakini neno langu sikulirudisha, na silirudishi leo. Nilikuwa na haki.

Kisha kiharusi kikampiga. Alikuwa akimkanda mtoto wa watu; alihisi mkono umekufa, akampokeza mtoto mama yake kwanza, ndipo akaanguka. Mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Mdomo ulipinda kidogo lakini matusi yakapita. Alifanyiwa mazoezi hospitali akayadharau yote. Siku moja akaniita. Nilimkuta ameegeshwa ukutani kwa mito, nywele amesukwa upya.

"Salma," akasema, "zamu yangu imefika."

Nilielewa. Mtu mwengine angedhani anazungumzia mauti. Mimi nilijua anazungumzia maji. Alitaka kukaa ndani ya maji ya Mtokotani, juu, chini, popote, akae tu, yeye aliyewakalisha watu wote. Hakutaka kitu kingine duniani, na mtu yule hakuwahi kuniomba kitu.

Zuhura akapiga simu hotelini. Wakamjibu kwa adabu. Wagonjwa wa namna hiyo hawaingii. Na leso haziruhusiwi majini, nyuzi zake huziba mashine. Kila mtu avae nguo ya kuogelea. Zuhura akaniambia, "Mama mdogo, twendeni tu. Wakimwona kwa mato yao watatahayari." Zuhura ana imani na watu. Amerithi kwa mama yake.

Ndivyo tulivyokuwa ndani ya gari siku ile. Tulipokaribia na harufu ikatupata, Juma akasema ule mzaha wa babu yake wa Kibarani. Mkandaji akacheka kwa nusu ya uso iliyobaki. Nikamwona amefunga leso mbili chini ya buibui, tayari.

Langoni akatoka Kahindi, amevaa sare na kofia. Alipomwona aliyemo akavua kofia, akaingiza kichwa dirishani akaubusu mkono wake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Miguu imenyooka?"

"Imenyooka, bibi."

Kahindi alizaliwa miguu imepinda ndani kama ya kasuku. Mkandaji aliinyosha ndani ya maji yale yale, safari baada ya safari, mtoto analia na Mama Kadzo analia. Sasa amesimama nayo langoni kutuzuia. Hata hivyo simlaumu, na mtasikia kwa nini.

Akapiga simu ndani, akaja meneja. Msichana mdogo, nadhifu, ushungi umekaa sawa, Kiswahili chake safi cha kwetu kwetu, na hilo lilinichoma kuliko angekuwa mzungu.

"Shikamooni, mabibi zangu. Tumefurahi sana. Picha yake iko pale mapokezi."

"Picha imeingia," nikamwambia. "Mwenyewe je?"

"Bibi, nitakueleza. Wageni hupata wasiwasi wakimwona mgonjwa majini."

"Wageni wenyewe wamekuja kwa nini, kama si kuumwa?"

"Wamekuja kupumzika, bibi."

"Hata huyu atapumzika. Mtie ndani apumzike."

Akatabasamu, maskini, amefundishwa kutabasamu. Akasema anaweza kutukaribisha juisi kwenye bustani, na bibi akipenda asukumwe kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye chumba chenye jina lake, apigwe picha chini yake. Wageni wangependa kumwona. Ni kwa kumuenzi.

"Kumuenzi," nikasema. "Jina liko ndani kwenye kiyoyozi, mwenye jina yuko nje ndani ya gari, na wewe unaniambia kumuenzi. Mamako ni nani?"

Akanitajia. Sitamtia humu mamake, hana kosa. Lakini nilimjua, na nikamwambia, "Mamako alilala kwenye mkeka wake. Wewe ulikuwa na siku arobaini, umefungwa kwenye kanga ya kijani. Nilikushika mimi."

Msichana akatazama chini. Nilidhani yamekwisha, nilidhani atamwambia Kahindi fungua. Akasema, "Samahani, bibi. Si mimi ninayeamua."

Nikashuka nikaingia mwenyewe kwa miguu, nikapanda ngazi zao, hakuna aliyenizuia, kikongwe mwenye buibui. Hapo ndipo nilipoisoma ile historia na kuziona zile herufi za shaba. Palikuwa na maua ndani ya bakuli na muziki wa filimbi. Niliporudi goti langu limevimba kwa zile ngazi, na Mwanaisha amekaa kivulini na gilasi ya juisi. Nimemsamehe. Jua lilikuwa kali.

Kahindi akasogea dirishani, akanong'ona. "Bibi, nyuma pana mlango wa kuingizia kuni. Mimi nitatazama upande mwengine."

Zuhura akashika mkono wa Juma tayari. Mkandaji akasema, "Hapana."

"Bibi, ni dakika tu."

"Una watoto wangapi weye?"

"Wanne."

"Basi nimesema hapana. Vaa kofia yako."

Nilitaka kumpiga kofi. Mtu huyu aliyetutukana wote, aliyemvuta dada yangu kwa leso mbele ya watu, siku yake mwenyewe ilipofika akawa na adabu!

Ndipo akaja Mama Kadzo. Alikuwa amesikia. Akatuashiria tumfuate, na Juma akaendesha polepole kuzunguka ukuta mpaka upande wa chini. Pale, chini ya ukuta, limetokea bomba, na bomba linamwaga kwenye mfereji maji yaliyokwisha kuogewa hotelini. Yanafuka bado. Mama Kadzo hufulia hapo. Alikuwa ameshatandika majani ya mgomba ukingoni na kusafisha mawe. Akasema kwa aibu, kama kwamba kosa ni lake, "Ni yale yale, dada."

Juma akamshusha kwa mikono miwili, akasimama naye ukingoni. Mkandaji akatazama maji yale, akatazama bomba yalikotoka. Ng'ambo ya ukuta tuliwasikia watu wakicheka wakiogelea.

"Salma," akasema. "Mimi niliwakalisha vipi?"

Nilijua anakonipeleka, sikutaka kwenda. "Hebu acha hayo sasa. Ingia."

"Niliwakalisha vipi?"

"Mzima juu. Mgonjwa chini."

"Na chini ya mgonjwa?"

"Hakai mtu."

"Basi."

"Nani atakuona?" nikamwambia. "Pana mimi na Mama Kadzo na hawa watoto. Nani atakusema?"

"Nilimvuta Rehema hapa akiwa na mimba ya huyu." Akamwashiria Zuhura kwa kidevu. "Wangapi niliwafukuza wakilia? Leo niwaambie kanuni ilikuwa yao tu?" Kisha akasema, na sauti ilikuwa ndogo, "Nimengoja umri wangu wote, Salma. Sikungoja makombo."

Zuhura akalia. Mama Kadzo akakusanya majani yake ya mgomba moja moja. Juma akamrudisha garini, na leso zake zile mbili zilikuwa kavu.

Tulipofika Kibarani, ambako siku hizi lile jaa limeondolewa na moshi hakuna, Mkandaji akafungua macho akatazama nje. "Kumbe jaa hawakulitupa," akasema. "Wamelihamishia Mtokotani." Mwanaisha akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Bado sijacheka.

Juzi nilikwenda kumtazama, baada ya alasiri. Nilipitia Marikiti kununua tangawizi na uto mpya, nikauchemsha kwenye jiko lake, nikaanza kuukanda ule upande uliokufa. Alinivumilia kidogo.

"Wakanda au wapangusa meza?"

"Nyamaza."

"Mkono huo mwepesi. Wasukuma chapati. Toka."

Nikauachia. Nilipoinuka goti likalia, lile goti la ngazi za hoteli, halijashuka mpaka leo. Akalisikia.

"Lala."

"Silali. Mgonjwa ni weye."

"Lala hapo mkekani, Salma, nisikutukane mbele ya jirani."

Nikalala. Akajivuta mpaka ukingoni mwa kitanda, akachovya mkono wa kulia ndani ya uto, akaushusha juu ya goti langu. Mkono mmoja. Ulikuwa na nguvu ile ile, umenishika kama mlango. Ilinibidi kuuma ncha ya leso nisipige ukelele kama Mwanaisha. Akakanda mpaka jasho likamtoka kwenye nusu ya uso, nusu nyengine imetulia kama haihusiki.

"Hili lataka maji ya moto," akasema. "Maji yangelimaliza mara moja."

Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, na machozi ya hasira yananiingia masikioni kwa kuwa nimelala chali, "Na weye? Na weye zamu yako lini?"

Hakuacha kukanda. "Ukishapona weye," akasema.

Haya ndiyo niliyoyaona na kuyasikia. Kama nimekosea mahali, nisahihisheni, sitachukia. Huenda lori la Chirima lilibeba mchanga safari nyengine na si chokaa. Huenda aliyekuja na mwiko si Bi Saada bali dada yake Bi Zainabu, walifanana sauti. Mwanakombo wa matende huenda aliacha kwenda kabla ya miaka niliyomtaja. Njooni mniambie, nitafuta na kuandika upya. Ila lile jina nililoliacha msiniongezee. Mliokandwa nyote mnalijua. Anayelijua asiniletee mimi; ashuke Mkanyageni, mlango wa pili ukitoka kisimani, apige hodi, aliite pale pale kwa sauti. Mwenyewe yupo. Ataitika.